Maoni ya Mama Mkwe

Mfano huu aliutoa kwanza Mchungaji Elirehema Mbwambo, katika ibada ya mavuno, Jumapili ya pili ya Agosti mwaka 2015, hapa hapa kwenye mtaa wetu wa mlimani. Wapo wanaosema aliutoa siku ya Krismasi. Si kweli. Krismasi ile alikuwa mgonjwa, na ibada iliongozwa na mwinjilisti. Hakutaja majina ya wahusika, ingawa nusu ya kanisa iliwajua, nami ninapowasimulia tena leo nafuata njia yake.

Kulikuwa na kijana mmoja, ndugu zangu, aliyefungua duka la vifaa vya umeme katika mji mdogo ulio chini ya milima. Aliuza kompyuta mpakato zilizokwisha kutumika ng'ambo, redio, spika, simu za bei ya mnyonge, chaja na waya za kila namna. Baba yake alikuwa mkulima wa tangawizi, na hakuwahi kuelewa mtu anauzaje kitu ambacho hakukilima.

"Jembe lako nimelitia mpini mpya," baba alimwambia. "Liko nyuma ya mlango. Mwaka huu ukiisha duka halijasimama, utalikuta."

Kijana hakuwa tapeli. Vitu vyake vilikuwa vya bei nafuu, naye alijua kwamba vingi vilistahili bei ile na zaidi. Lakini watu waliiogopa bei yenyewe. Kitu kikiwa rahisi mno, mnunuzi hujiuliza kimekosa nini. Basi kijana akafikiri, akaona dawa: akafungua kundi kwenye simu, akawaingiza wote waliowahi kununua kwake, akaandika, "Ndugu wateja, naomba kila mmoja atoe maoni yake, ili wageni wasome waamini."

Maoni yakamiminika. "Bidhaa bora kabisa, ubarikiwe." "Kijana wetu, hongera, endelea hivyo hivyo." "Kompyuta inang'aa, familia nzima tumeifurahia." Huyu wa mwisho, mnajua kompyuta yake ilikuwa wapi alipoandika maneno hayo? Ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na haijawashwa hata mara moja! Alisifu kwa sababu mke wake na mama wa kijana huimba sauti moja kwenye kwaya. Wengine walisifu kwa sababu ni mtoto wa nyumbani. Mmoja alisifu redio iliyokwisha kumfia, akasema moyoni, "Nikisema, atajisikia vibaya." Je, hao ni wageni kwetu? Hatuwajui?

Kijana alifurahi. Mgeni akiingia dukani, alimpa simu asome. Siku moja akaingia dereva wa lori, akasoma kwa utulivu, akashusha kidole chini, chini zaidi, mpaka mwisho.

"Bosi," akasema, "hapa kwako hakijawahi kuharibika kitu?"

"Hakijawahi."

"Hata chaja?"

"Hata chaja."

Dereva akamrudishia simu kwa mikono miwili, akaaga vizuri, akaenda zake. Kijana akabaki amesimama kwenye kaunta, asielewe. Sifa ziliongezeka, wanunuzi wakapungua. Tangawizi ilikuwa imeanza kuchimbwa, na mwaka ulikuwa unakwenda.

Sasa, kijana huyu alikuwa na mama mkwe. Alikuwa mwalimu mstaafu, na ndiye aliyeongoza kwaya. Nyimbo za zamani za mlimani zilikuwa zinapotea, kwa maana wazee waliozijua walikuwa wanaondoka mmoja mmoja, naye alitaka kuziandika zote, nota na maneno, kabla hazijazikwa pamoja nao. Akashuka dukani na mshenga, yule mzee aliyeisimamia ndoa ya binti yake. Mnajua desturi yetu: mkwe na mkwe hawatupiani maneno makavu. Neno zito hupitia kwa mshenga.

Akachagua kompyuta mpakato moja, nyeusi, si ya bei ya juu. Kijana akainama kwa heshima. "Mama, wewe nitakupunguzia."

"Usinipunguzie."

"Mama, wewe ni mzazi wangu!"

"Ndiyo maana. Ukinipunguzia bei, utakuwa umeununua na ulimi wangu. Nipe bei ya mtu baki, baba."

Akalipa bei ya mtu baki, akapanda nayo mlimani.

Hakuandika maoni siku ile, wala wiki ile. Aliitumia. Masika yakapita, nyimbo zikaingia kwenye mashine moja baada ya nyingine. Ndipo mshenga akashuka tena dukani, akavua kofia, akakaa.

"Mkweo anauliza," akasema. "Maoni unayoyaomba, ni ya kweli au ni ya heshima?"

Kijana akacheka. "Ya kweli, mzee! Mwambie aseme yote."

"Nimwambie hivyo hivyo? Neno lako hili nalipandisha mlimani, halishuki tena."

"Mwambie, mzee. Tena aseme kwa sauti yake, watu wanamheshimu."

Kwa nini alikubali upesi vile? Kwa sababu hakuwaza kwamba ipo kweli isiyo sifa.

Siku ya gulio, mji umejaa watu, simu yake ikalia. Sauti ya mama mkwe imeingia kwenye kundi! Kijana hakuisikiliza kwanza. Aliunganisha simu na spika yake kubwa kuliko zote, ile ya mlangoni inayosikika mpaka kwa wauza ndizi, akapandisha sauti. Gulio likanyamaza, maana wengi walisoma kwa mwalimu yule, na sauti yake bado iliwanyoosha migongo.

"Habari zenu," sauti ikasema. "Kwanza mjue kwamba mwenye duka ni mkwe wangu, ili mnaponisikiliza mnipime wenyewe. Nimenunua kompyuta kwake kwa bei ya watu wote, na nimeitumia kila siku isipokuwa Jumapili. Nitaanza na mema. Kioo chake ni kizuri, macho yangu hayachoki. Umeme ukikatika, nilichokiandika hakipotei. Iliangushwa na paka kutoka mezani, ikaendelea na kazi. Kwa bei ile, sikuibiwa."

Kijana akatabasamu kwa watu wote.

"Yasiyo mema. Betri yake inamaliza mazoezi ya kwaya, lakini haimalizi mkutano wa wazee wa kanisa. Feni inanguruma kama mashine ya kusaga. Kifuniko kimelegea, nakiegemeza kwa tofali. Na kitufe cha nukta pacha, zile nukta mbili zinazokaa moja juu ya nyingine, kinagoma. Mimi naandika nota za herufi, za do re mi, na kwenye nota hizo nukta pacha ziko kila mahali. Kidole kinaniuma. Mtu wa nota asinunue mashine hii. Mtu wa barua anunue. Nimemaliza."

Gulio lililipuka kwa kicheko.

"Ikiwa mkwe anasema hivi, adui atasemaje?" mwuza viazi akauliza.

"Bosi, na tofali unauza, au mteja anakuja na lake?"

"Nukta Pacha! Hujambo, Nukta Pacha?" Na jina hilo likamshika tangu siku ile.

Kijana akafunga duka jua likiwa bado juu. Nyumbani akasukuma sahani pembeni.

"Mama yako ameniua," akamwambia mkewe.

"Amesema uongo?"

"Hapana."

"Amesema kitu ambacho hukumwomba aseme?"

"Nilimwomba. Lakini mtu akikuambia karibu chakula, unamaliza sufuria?"

Mkewe akamrudishia sahani mbele yake. "Ulimwambia aseme yote, baba watoto. Mama yangu nimekaa naye miaka mingi kuliko wewe. Ukimwambia yote, ni yote."

Kijana akamtuma mshenga. Mzee yule akapanda mlima akihema, akamkuta mama mkwe uani na kompyuta yake, feni ikinguruma, tofali mahali pake.

"Mkweo anasema umemvunjia duka," mshenga akasema. "Anaomba urekebishe maneno yako."

Msifikiri mama hakuumia. Alikuwa na binti mmoja tu, na mume wa binti huyo alikuwa anachekwa mji mzima. Akanyoosha mkono, akapiga wimbo kutoka kwenye mashine ile, akasikiliza kwa makini, kichwa ameinamisha.

"Mwambie ana haki, maneno yangu yalikuwa na upungufu," akasema. "Nilisahau spika ya kushoto. Imekufa."

Na akaongeza hilo kwenye kundi, kwa sauti ile ile, bila kupunguza neno.

Ndugu zangu, hapo kijana alikwisha kukata tamaa. Alianza kupanga bidhaa kwenye maboksi. Akilini aliliona lile jembe nyuma ya mlango wa baba yake. Gulio lililofuata alifungua mlango mmoja tu, akakaa ndani kwenye kivuli asionekane. Akaingia mama mmoja mgeni, amevaa miwani, vumbi la barabara ya mbali kwenye viatu. Alikuwa mkuu wa shule ya wasichana ya kule tambarare.

"Wewe ndiye Nukta Pacha?" akauliza.

Kijana akafumba macho. "Ndiye mimi."

"Unazo mashine nyingine kama ile ya mama wa kwaya?"

"Zipo nzuri zaidi, mwalimu."

"Sikuuliza nzuri zaidi. Nimeuliza zile."

"Mwalimu, zile zina kasoro. Hukusikia?"

"Nimesikia mara tatu. Mpishi wetu ana dada kwenye kwaya hiyo, alimtumia sauti, naye akaniletea." Yule mama akavuta kigoda, akakaa bila kukaribishwa. "Wanangu hawaandiki nota. Betri hainisumbui, darasani tuna umeme wa jua mchana kutwa. Feni ingurume, wao wenyewe wananguruma zaidi. Na hiyo spika ya kushoto, ukiweza kuniulia na ya kulia nitashukuru. Nina darasa zima la wasichana, kijana!"

Kijana akacheka, kwa mara ya kwanza tangu gulio lililopita. Kisha akauliza lililokuwa likimkaa kooni. "Mwalimu, sifa zangu zote zile ulizisoma?"

"Nilizisoma hapa hapa, kwenye simu yako, kabla ya masika. Nikaondoka zangu. Kasoro ninayoijua nitaitafutia mahali. Sifa isiyo na mwenyewe nitaiweka wapi?"

Akanunua za darasa zima. Na wale waliosifu, walipoona kwamba kusema kweli hakukumwua mtu, wakaanza kushuka na mashine zao, vitambaa vya kufuma bado vimening'inia. Huyu chaja yake haikuwahi kupeleka umeme, yule redio yake ilikufa zamani. Kijana akatengeneza zilizotengenezeka, akabadilisha zilizoshindikana. Mwaka ukaisha, duka limesimama. Kitufe cha mama mkwe nacho kikabadilishwa, naye akaandika kwenye kundi: "Nukta pacha ni nzima. Nashukuru. Feni bado."

Sasa niwaulize ninyi mlioketi hapa. Nani alikuwa adui wa duka lile? Yule mama aliyesema kasoro, au wale waliosifu? Angalieni vizuri. Waliompenda kijana ndio waliokuwa wakimfungia mlango, neno jema juu ya neno jema, mpaka mgeni akakosa mahali pa kushika. Na yule aliyedhaniwa amemvunja ndiye aliyemjengea.

Sisi tukoje? Mwenzetu akiimba vibaya, tunasema Mungu akubariki. Kijana wetu akijenga ukuta uliopinda, tunasema hongera, kisha tunapita upande wa pili wa barabara usituangukie. Tunaita hiyo heshima. Heshima gani inayomwacha mtu aanguke huku ikimpigia makofi? Na tukiombwa ushuhuda juu ya imani yetu, tunasema yote ni mema, hatujapungukiwa, hatujalia. Mgeni anatusikiliza, anaturudishia maneno yetu kwa mikono miwili, anaondoka. Angetusikia tukisema, hapa nilishindwa, hapa betri yangu iliishia njiani, hapa nashikiliwa na tofali, lakini nilipozimika sikupotea, angekaa.

Tusidhani basi kwamba kila ulimi mkali ni mkweli. Yule mama hakupita njiani akatukana kitu asichokijua. Alilipa bei kamili ili ulimi wake uwe huru. Alitumia kwanza, akasema baadaye. Aliuliza kabla ya kusema. Alisema ni mkwe wake, asije mtu akadanganyika. Mema aliyatanguliza kwa usahihi ule ule aliotumia kwa mabaya. Na alipochekwa mtu aliyempenda, hakugeuza neno. Wangapi kati yetu wanaweza hayo? Na wewe unayesema, "Niambieni ukweli," umeandaa sikio, au umeandaa spika tu?

Mchungaji Elirehema alimalizia hapo, akaketi. Yeye alifariki mwaka 2019. Mshenga alimtangulia kwa mwaka mmoja. Baba mkulima amelala kando ya shamba lake. Mkuu wa shule alihama, na habari zake sikuzipata kwa uhakika, kwa hiyo sisemi. Kijana yu hai, sasa ana mvi. Mama mkwe yu hai, nyimbo zote zimeandikwa. Na wale waliosifu bila kuwasha wako hai, karibu wote. Baadhi yetu tumeketi humu.