Alama Chini ya Mkate wa Ndugu Bisenti

Wamesimulia waliotutangulia katika imani, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika nchi ya Misri, zama za watawa wa jangwani, palikuwa na mja mwema aitwaye Bisenti, mwokaji wa mikate ya sadaka katika monasteri moja kando ya Mto Naili. Kazi hiyo aliifanya miaka kumi na miwili. Alikanda unga huku akisoma zaburi, na hakuna aliyewahi kumwona akigusa donge kabla ya kunawa na kusali. Alikuwa hodari wa unga kuliko wa hoja, na laiti angebaki na unga wake, kisa hiki tusingekuwa nacho.

Desturi ya monasteri ile ilikuwa hivi. Kila Jumapili mwokaji alileta kikapu chenye mikate saba. Mkuu wa monasteri, Abba Kolutho, aliigeuza na kuikagua mbele ya watu wote, akachagua mmoja tu usio na dosari. Huo uliitwa Mwanakondoo, kwa mfano wa kondoo wa sadaka asiye na ila, nao ndio uliopanda madhabahuni. Ile sita iliyosalia iligawiwa watu mlangoni baada ya ibada, wengi wao maskini, iwe baraka ya kurudi nayo nyumbani.

Ikawa mwaka mmoja likasomwa somo la kwamba Mungu aliwachagua walio wake kabla hajaiumba dunia. Watawa wakashikana kwa mjadala wiki nzima. Mmoja akishikilia kwamba mambo yote yamekwisha kukatwa mbinguni, mtu afanye asifanye. Mwingine akisema mtu ana hiari yake, na njia aichague mwenyewe. Bisenti alisikiliza huku na huku mpaka kichwa kikamuuma, likambakia swali moja lililomnyima raha: je, yeye ni miongoni mwa wateule, au sivyo? Kama sivyo, saumu zake zote na magoti yake yaliyoota sugu ni kazi bure.

Basi akafanya kosa ambalo mwokaji peke yake angeweza kulifanya. Akachukua kijiti, akautoboa mkate mmoja upande wa chini, tundu dogo mno, ambalo hata mkate ukigeuzwa asingeliona mtu ila yeye aliyejua lilipo. Akajiambia moyoni kwamba huo ndio yeye. Abba akiuchagua, Mungu amemchagua. Akiuacha, naye ameachwa.

Abba akauacha. Jumapili ya pili akauacha, na ya tatu, hata ya nne. Bisenti akakonda. Zaburi zikamkauka mdomoni, akawa anakanda kimya. Wiki ya tano akafunga mzigo wake, tayari kurudi kijijini kwao, kwa kuwa hakuona faida ya kumtumikia Bwana asiyemtaka. Lakini kabla ya kuondoka alitaka kujaribu mara moja ya mwisho, na hapo ndipo Ibilisi alipompata. Mkate wenye alama aliuoka kwa ustadi wake wote. Ile sita akaiacha tanurini kwa makusudi, mpaka ikaungua na kupasuka.

Abba Kolutho alikitazama kikapu kwa muda mrefu. Kisha akauchukua ule mmoja mzima, kwani hapakuwa na mwingine, akauinua juu. Watu wakaimba. Bisenti, aliyekuwa akiingojea furaha, hakuiona, maana alijua ni nani aliyechagua siku ile.

Baada ya ibada alitaka kupita mlangoni upesi. Mama Thekla, mjane kipofu aliyekuja kila Jumapili kwa mwendo wa saa tatu, akamtambua kwa harufu ya moshi wa nguo zake, akamshika mkono. Katika mkono wa pili alikuwa na kipande cheusi.

"Mwanangu, leo mkate umeungua," akasema kwa upole. "Unaumwa? Nitakuombea njia nzima."

Maneno hayo yalimchoma Bisenti kuliko karipio lolote. Ameharibu riziki ya watu ili ajione mteule, na mwenye njaa ndiye anayemhurumia. Akageuka, akaenda moja kwa moja kwa Abba, akaanguka miguuni pake, akamweleza yote: tundu, mikate iliyoungua, na mzigo uliofungwa. Hakuficha hata moja.

Abba akauliza, "Ile mikate yako minne yenye tundu niliyoiacha, kuna hata mmoja uliolia?"

"La, Abba. Mkate haulii."

"Na wewe je?"

"Nimelia mwezi mzima."

"Na hapa kwangu umeletwa na nani?"

Bisenti akafikiri, kwa kuwa hakutaka tena kusema uongo. "Nimekuja kwa miguu yangu, Abba. Ningeweza kwenda zangu, mzigo ulikuwa tayari. Lakini tangu yule mama aliponishika mkono, nimekuwa kama mtu anayevutwa."

"Basi yote mawili ni kweli," akasema Abba, akamwinua. "Bwana alikuita kabla hujazaliwa, na leo umeitika. Hakukufanya mkate, mwanangu. Alikufanya mtu, ili akikuchagua, nawe uweze kumchagua."

Bisenti akalia tena, ila safari hii kwa furaha, na mzigo wake akaufungua siku hiyo hiyo. Jumapili iliyofuata zaburi zake zilisikika mpaka nje ya ukuta, na mikate saba ikatoka mizuri hata Abba akaigeuza na kuigeuza asijue auchukue upi. Alipokwisha kuchagua na ibada kumalizika, Bisenti alikuwa wa kwanza kufika mlangoni na kikapu. Mkate mzima akauweka mikononi mwa Mama Thekla. Mama akaunusa, akacheka kwa sauti, akapiga kigelegele, na wanawake wote pale mlangoni wakampokea.

Abba akamwendea, akamwuliza kwa utani kama leo mkate wake umechaguliwa.

"Sikuangalia, Abba," akajibu Bisenti. "Watu walikuwa wananingoja."

Ndugu zangu waumini, mja yule alioka katika tanuri lile miaka thelathini mingine, wala hakuuliza tena kama yeye ni mteule. Anayehangaika kujua kama jina lake limeandikwa mbinguni, na aitike anapoitwa leo. Bwana atujalie nasi masikio ya kusikia na miguu ya kwenda. Amina.