Ukurasa wa 214

Bwana Kalumuna, mkuu wa waandishi wa programu, alitawala ofisi kwa kitabu kimoja kinene chenye kanuni rasmi za lugha yao ya kompyuta. Hakuna aliyeruhusiwa kukigusa, ila kukifuta vumbi kwa zamu. Kila akikataa kazi ya mtu, alitaja ukurasa uleule.

Siku moja Siwema, mmoja wa waandishi hao, alimwendea.

"Shikamoo, bosi. Naomba ruhusa niende Tanga, mdogo wangu anaolewa Jumamosi."

"Huendi! Programu yako imevunja kanuni. Iandike upya yote."

"Kanuni ipi, bosi?"

"Ukurasa wa 214!"

"Labda umeusahau kidogo. Ni siku nyingi tangu uusome."

Wenzake wote waliinua vichwa.

"Niusahau mimi?" Kalumuna alifoka. "Ukurasa huo nausoma kila asubuhi kabla ya chai! Hata leo nimeusoma!"

"Na kila kilichomo umekiona?"

"Kila kilichomo!"

"Na unakikubali?"

"Nakikubali chote, na ndiyo maana nawasumbueni ili nanyi mkikubali!"

"Jamani, mmesikia," Siwema aliwaambia wenzake, akakifungua kitabu.

Kwenye ukurasa wa 214 ilikuwemo barua yake ya kuomba likizo, aliyoichomeka siku ya zamu yake ya vumbi, mwezi mzima nyuma.

"Ahsante sana, bosi," alisema, akimpa kalamu. "Kumbe ilibaki sahihi tu."