Mila Iliyotafutwa Mitungini

Sogeeni, wajukuu zangu, na wewe Chausiku toa kidole puani. Zamani hizo, jua lilipokuwa bado likipiga hodi kabla ya kuchomoza, palikuwa na mji uitwao Kisogoni. Watu wake waliingia majumbani kinyumenyume. Kwa nini? Hata wao hawakujua.

Siku moja kijana akaingia kwa mkwewe kwa mbele, kwa haraka zake tu. Mzee Shamte, mkuu wa mji, akatangaza kwamba mila imepotea, na haolewi mtu mpaka ipatikane.

Basi wakatafuta. Wakatafuta uvunguni, wakatafuta mitungini, wakatafuta kisimani, na wawili wakatumbukia. Msicheke, walitolewa.

Aliyeumia zaidi ni Bi Mashavu mfinyanzi. Bintiye Mboja alikuwa aolewe Ijumaa, mchele umeshachaguliwa, na Jumamosi bwana harusi anaondoka na msafara, kurudi ni mwaka wa tatu. Bi Mashavu alikasirika hadi akavunja chungu chake mwenyewe. Akaenda barazani kwa Mzee Shamte na wazee wenzake, akaingia kinyumenyume kama ada, akauliza huku bado amewapa wazee mgongo.

"Mzee wangu, hiyo mila iliyopotea ni ipi?"

Wazee wakatazamana. Mmoja akasema ni kuingia kinyumenyume. Wa pili akasema hapana, zamani watu waliingia ubavuubavu. Wa tatu akaapa kwamba mababu waliingia wakitambaa. Ugomvi ukazuka, kofia zikaruka.

Bi Mashavu akageuka. "Na marehemu baba yako, Mzee Shamte, alisemaje?"

"Alilia kwamba mila imepotea."

"Na babu yako?"

Mzee Shamte akakuna ndevu upande huu, akakuna upande ule. "Huyo alilia kuliko baba."

"Basi mila yenu kongwe ni hiyo ya kulia, na haijapotea, maana mnalia tangu Jumatatu. Naomba mwanangu aolewe."

Ijumaa Mboja akaolewa. Kabla ya pilau, Mzee Shamte akapewa kiti chake, akalalamika kwa heshima zote kwamba dunia imeharibika, watu wakaitikia, ndipo wakala. Bi Mashavu alilia pia, kwa furaha.

Wasomi huita jambo lile falsafa; Bi Mashavu aliita kuuliza. Mkisikia wakubwa wanalia kwamba dunia inakwisha, msiwacheke wala msikimbie. Waulizeni kwa adabu: kipi hasa kinachokwisha?

Ila enzi zetu watoto hawakusinzia hadithini. Mila imepotea kabisa. Nani huyo kauliza ni ipi?

Haya, kisa kimerudi kilikotoka, na ulimi wangu waomba maji.