Mfuata Kisogo

Mfuata kisogo hufika kwa mwenye kisogo. Ndilo neno ambalo kocha alimtupia mwenzenu Jumamosi, mkacheka wote kama mliolielewa, na sasa mmekuja kuuliza lilikotoka. Kaeni basi, nyoosheni miguu. Chanzo chake hakiko mbali. Ni katika njia hizi hizi za Njombe mnazozikimbia kila asubuhi, na waliokuwepo bado wako hai, kwa hiyo mkikutana nao sokoni mfunge midomo yenu.

Zamani kidogo, klabu ya Umande ilipokuwa na watu wa kuhesabika, alikuwepo fundi cherehani mmoja aitwaye Gaudensia. Hakuwa mwanariadha wa kulipwa. Nani hapa amewahi kulipwa? Alikimbia kwa sababu alipenda, kama mnavyopenda nyinyi, na kwa miaka mingi hakuna mwanamke wa klabu aliyemwona usoni njiani. Walimwona mgongo tu.

Klabu ile ilikuwa na desturi nzuri ambayo nyinyi mmeiacha. Baada ya mazoezi watu walikaa kwenye ngazi za uwanja, likaletwa birika la chai ya tangawizi, na hakuna aliyejimiminia mwenyewe. Mwenye swali alichukua kikombe, akammiminia yule ambaye anataka ushauri wake, kisha akauliza. Kilima kinanivunja pumzi, nifanyeje? Nile nini usiku wa kuamkia mbio? Aliyenyweshwa alijibu kwa ukweli, maana chai ya watu hailipwi kwa uongo. Hivyo ukitaka kujua nani anaheshimika katika klabu, hukuwa na haja ya kuuliza. Ulitazama birika linaelekea wapi.

Birika lilielekea kwa Gaudensia. Asubuhi nyingine alikunywa mpaka tumbo likajaa, akawa anawaambia kwa kujidai, "Jamani, mtaniua kwa chai." Alisema hivyo huku akinyoosha mkono kupokea kikombe kingine.

Ndipo akaja Tulizo. Alikuwa ameolewa kwenye ukoo wa Luvanda, kule nyuma ya msitu wa misonobari, na alikuwa amezoea kupanda na kushuka na mizigo ya viazi, basi miguu yake ilikuwa tayari kabla hajajua kwamba kuna kitu kinaitwa mazoezi. Siku ya kwanza alifika na raba za kuazima na kitambaa cha njano kichwani. Alimmiminia chai Gaudensia, akapiga goti, akasema, "Dada, mimi sijui kitu. Nifundishe."

Gaudensia alimfundisha kwa moyo mweupe. Alimwonyesha namna ya kugawanya pumzi na namna ya kutomaliza nguvu kwenye kilima cha kwanza. Tulizo alishika kila neno, na kabla mvua hazijaisha akawa anakimbia sambamba na mwalimu wake. Mvua zilipokatika, akampita.

Kupitwa si msiba. Lakini birika nalo likahama. Kwanza kikombe kimoja kilimruka Gaudensia kikaenda kwa Tulizo, kisha viwili, na watu wakaanza kusema chanda chema huvikwa pete, na pete yenyewe wakamvika Tulizo. Ikafika asubuhi ambapo hakuna aliyemmiminia Gaudensia isipokuwa Tulizo mwenyewe, ambaye hakuacha hata siku moja. Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Angesahauliwa na wote ingekuwa afadhali kuliko kunyweshwa na yule aliyemnyang'anya. "Ananicheka," alisema moyoni. "Ananimiminia ili watu waone kwamba hakuna mwingine."

Tuseme wazi, alikuwa na wivu. Usingizi ulimpaa, na kazini cherehani ilimkimbia akashona mikono ya gauni la watu ndani nje. Mazoezini hakutaka tena kukimbia mbele wala peke yake. Alikaa nyuma ya Tulizo na kukitazama kisogo chake. Tulizo akiongeza mwendo, naye anaongeza. Tulizo akipunguza, anapunguza. Alikijua kile kisogo, na fundo la kitambaa cha njano lililokilalia, kuliko alivyoujua uso wake mwenyewe. Kocha Nyagawa alipomuuliza kwa nini hatoki pale nyuma akapita, alijibu kwamba ana mpango wake.

Na kweli alikuwa nao. Mbio za wilaya zilikuwa zinakaribia, na mwanamke wa Umande atakayetangulia angepelekwa na klabu kwenye mbio kubwa za Iringa. Nafasi ilikuwa moja tu. Gaudensia aliitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu, na mpango wake ulikuwa huu: ang'ang'ane na kisogo cha Tulizo njia nzima, asikiache, asikipite, mpaka kilima cha mwisho karibu na uwanja. Hapo ampite mbele ya macho ya watu wote.

Asubuhi moja kabla ya mbio hizo, Tulizo alimletea kikombe kama kawaida.

"Dada Gaude, ule mteremko wa msituni unanitisha," alisema. "Nikishuka naona kama nitaanguka kifudifudi. Niushukeje?"

Gaudensia alijua jibu. Kila mkimbiaji wa Umande aliyewahi kumuuliza swali hilo alimwambia ainame mbele kidogo, afupishe hatua, auachie mwili uende. Alikishika kikombe, akanywa funda moja, akasema, "Egemea nyuma. Piga visigino kwa nguvu. Hivyo ndivyo utakavyojizuia."

"Visigino?"

"Kwa nguvu. Usiogope."

Tulizo akamshukuru. Nyinyi mnaokimbia mnajua goti linavyoumizwa na ushauri wa namna hiyo. Gaudensia naye alijua. Akainywa chai yote mpaka ikaisha.

Siku ya mbio ukungu ulikuwa mzito, ule wa Njombe unaokufanya umsalimie mtu kwa kukisia. Wanaume walitangulia kuondoka, na walipokwisha kupotea wakaachiwa wanawake. Mpaka wanaingia msituni Tulizo alikuwa amewaacha wote, ila Gaudensia alikuwa nyuma yake, mbali kidogo, macho yamebandikwa kwenye kile kitambaa cha njano. Mengine yote hakuyaona. Hakuona misonobari wala meza ya maji. Mwanamke mmoja alimnyooshea kikombe cha maji, naye akampita kama amepita mti.

Wakauteremka ule mteremko. Tulizo alikuwa ameegemea nyuma, akipiga visigino kama alivyoambiwa, na mwendo wake ukaanza kuharibika. Gaudensia aliona. Lakini mwenye wivu huona kwa jicho lake. "Anajifanya amechoka," aliwaza. "Anataka nimpite mapema ili anivizie kilimani. Hanipati." Akapunguza mwendo naye, ili abaki palepale nyuma.

Chini ya mteremko njia hugawanyika, mnapajua. Barabara huendelea moja kwa moja kuelekea kilima cha mwisho, na kijinjia huchepuka kushoto kati ya misonobari. Pale alisimama mzee Lutumo, msimamizi wa njia, na bendera nyekundu. Gaudensia aliona kile kitambaa kikisimama kidogo kwa mzee, kikamwambia neno, kisha kikaingia kijinjia cha kushoto.

Moyo ukamlipuka. Kumbe ana njia ya mkato! Ndiyo maana siku zote anashinda, na mzee Lutumo amekula njama naye. Alipofika pale, mzee aliruka mbele na kupunga bendera.

"Gaude! Siyo huko! Mama, siyo huko!"

"Na mimi napita alikopita mwenzangu," alijibu bila kusimama, akachepuka.

Kijinjia kilipinda na kupinda. Mzee Lutumo alimwita mpaka sauti ikapotea. Kitambaa cha njano kilionekana na kupotea kwenye ukungu, naye hakutaka kukikaribia sana asije akagundulika. Kikakatiza shamba la njegere, naye akakatiza, akikanyaga matuta. Kikapita kando ya banda la nguruwe, naye akapita. Kikaingia kwenye ua wenye nyumba ya bati, kikaketi juu ya kigoda.

Gaudensia alisimama katikati ya ua wa watu akihema. Kuku walimtazama. Karibu na mlango mwanamke wa makamo, mama mkwe wa Tulizo, alikuwa anapukuchua mahindi. Tulizo alikuwa amekunja suruali, na goti lake lilikuwa limevimba. Alipoinua uso na kumwona Gaudensia, machozi yalimtoka.

"Dada," alisema. "Umeacha mbio ukanifuata mimi?"

Gaudensia alilitazama lile goti.

"Mama, huyu ndiye dada Gaude ninayekusimulia. Nimemwambia mzee Lutumo kwamba goti limekataa, nimekaribia nyumbani, acha nijikokote. Na dada ameniona nachechemea, ameacha nafasi yake ya Iringa." Akamshika mkono. "Nilijitahidi, dada. Nilipiga visigino kama ulivyoniambia, lakini goti halikuniruhusu. Nilipokata kona nilisema basi, si kitu, mbio ni za dada. Nikafurahi."

"Mbio zangu vipi?" Gaudensia aliuliza. "Kina nani walikuwa mbele?"

"Mbele ya nani?"

"Mbele yako."

"Mbele yangu hapakuwa na mtu," alisema Tulizo. "Tulikuwa mimi na wewe tu. Nilipotoka, barabara yote ilikuwa yako."

Hapo, vijana, angeweza kunyamaza. Alikuwa ameshapewa sifa ambayo hakuiomba, na siku ile ile mji mzima ungesema Gaudensia ameacha ushindi kwa ajili ya mwenzake. Alifungua mdomo ili aipokee. Lakini ule mkono ulikuwa bado umemshika, na ulikuwa wa moto, na akashindwa.

"Sikuja kukuuguza," alisema. "Nilidhani una njia ya mkato. Nilikuwa nakufuata nikushinde kilimani. Na mteremko haushukwi hivyo. Nilijua haushukwi hivyo nilipokuambia."

Tulizo aliuondoa mkono wake polepole. Alilitazama goti, kisha akamtazama Gaudensia, na haikuwa hasira aliyokuwa nayo usoni. Hasira Gaudensia angeiweza.

"Kama ulikuwa unaitaka Iringa kiasi hicho, ungeniambia," alisema. "Mimi ningekuachia."

Mama mkwe alikuwa bado anapukuchua. Hakuwa mtu wa kupenda mbio, na tangu mwanzo jicho lake lilikuwa kule shambani, kwenye matuta yaliyolazwa.

"Ngoja nielewe," alisema. "Hii miguu iliyonivunjia njegere ilikuwa inakwenda uwanjani?"

"Ndiyo, mama."

"Na uwanja uko huko ng'ambo. Sasa hapa ulikuwa unafuata nini?"

Gaudensia aliinamisha kichwa. "Kisogo chake."

"Basi umefika," alisema mama mkwe. "Mfuata kisogo hufika kwa mwenye kisogo. Ulitaka ufike wapi tena? Chukua jembe pale, unyanyue matuta yangu kabla hujaondoka."

Akayanyanyua. Alikuwa bado shambani, ameinama na namba ya mbio kifuani, aliposikia filimbi na makofi kutoka upande wa uwanjani. Mwanamke wa kwanza alikuwa amefika. Alikuwa Editha wa Umande, ambaye hajawahi kumiminiwa chai na mtu yeyote. Alikuwa ameshuka na kupanda kwa mwendo wake mwenyewe, bila kujua hata kwamba anaongoza.

Gaudensia alirudi kwa miguu. Pale njia panda ukungu ulikuwa umeinuka, na mzee Lutumo alikuwa anakunja bendera yake. Chini, katikati ya barabara, wasimamizi walikuwa wamechora mshale kwa chokaa, mweupe na mkubwa kama kitanda, ukionyesha mbele.

"Huu ulikuwepo tangu asubuhi?" aliuliza Gaudensia.

"Tangu asubuhi, mama. Uliukanyaga."

Aliutazama. Katikati ya ile chokaa ilikuwepo alama ya raba yake, nzima kabisa, imepinda kuelekea kushoto. Akasimama juu yake akalia, na mzee Lutumo, ambaye alikuwa mtu wa adabu, akageuka kutazama misonobari.

Mama mkwe hakuificha hadithi ile. Aliipeleka sokoni pamoja na viazi, na kabla ya wiki kwisha ilikuwa kwenye vinywa vya watu. Kijana akitaka kusoma ualimu kwa kuwa jirani yake amesoma ualimu, huambiwa neno hilo. Mwanamke akijenga nyumba kwa kuchungulia madirisha ya wifi yake, anaambiwa. Na Jumamosi mlimwona mwenzenu akilipata, alipojikongoja nyuma ya rafiki yake kilomita zote zile akimchukia, akasahau kwamba siku hiyo alitumwa kukimbia polepole, mwendo wake mwenyewe. Nadhani sasa hamtacheka tena. Angalau hamtacheka haraka.

Mfuata kisogo hufika kwa mwenye kisogo.