Makopo Kumi na Saba ya Fundi Mshana

Kopo tupu si ngozi safi. Mmelisikia neno hili asubuhi kwenye mkutano wa mradi wa maji, katibu alipotusomea idadi ya vikao badala ya idadi ya mabomba yanayotoa maji, na mmeniuliza lilitoka wapi. Lilitoka hapa hapa Usangi, na mwanzo wake ni huu.

Mwaka 1988, Jumanne ya kwanza ya Agosti, saa tatu asubuhi, fundi cherehani Eliamini Mshana alishindwa kufunga mkasi. Kitambaa cheusi kilikuwa mezani, chaki imeshapita, lakini vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimevimba na havikukunjika. Kwaya ya kanisa ilikuwa imempa kazi ya kushona majoho thelathini ya Krismasi. Kiongozi wa kwaya, Mama Kisaka, alikuwa ameshatamka kwamba asipoyaona kufikia mwisho wa Novemba, kazi itakwenda kwa fundi wa Mwanga. Mshana hakujua kazi nyingine.

Ugonjwa wake ulikuwa soriasisi. Hauambukizi, wala hauponi moja kwa moja, hutulizwa. Ngozi huota upesi kupita kawaida, ikafanya mabaka yenye magamba meupe, na kwa wengine viungo navyo huvimba. Miaka miwili nyuma, baka likiwa moja tu kwenye kiwiko, zahanati ilimpa mafuta ya lami na kumwambia apake wiki nane, kisha arudi aangaliwe. Kupaka alipaka. Kurudi hakurudi. Kila kopo lilipokwisha alinunua jingine duka la dawa, na lile tupu akalipanga kwenye rafu juu ya cherehani. Siku mkasi ulipomshinda, yalikuwa kumi na saba. Mteja akimuuliza hali, alinyoosha kidole kwenye rafu.

Mkewe, Nakijwa, alimhimiza mara nyingi arudi zahanati, labda kuna dawa nyingine. Alijibiwa kifundi: mteja anayehama fundi katikati ya suti huishia na suti ya mafundi wawili, bega moja juu, jingine chini. Magamba yaliyodondokea nguo za watu, fundi aliyaita chaki.

Alhamisi ya wiki ile, mkasi ukiwa bado unamshinda, yeye na mkewe walikwenda hospitali. Fundi alibeba makopo yote kwenye kikapu, kama ushahidi. Daktari alikuwa mwanamke wa umri wa binti yao wa mwisho.

"Mafuta yamekusaidia, mzee?"

"Nimemaliza kumi na saba, daktari."

"Sikuuliza umemaliza mangapi. Yamekusaidia?"

"Sikuruka hata siku moja. Muulize mama huyu."

"Ni kweli hakuruka," Nakijwa alisema. "Hata siku ya msiba wa dada yake alipaka. Kanisa zima lilinuka barabara mpya."

Daktari aliomba futi iliyoning'inia shingoni mwa fundi, akapima baka la kiwiko. Inchi tano. Akauliza baka lilianza na ukubwa gani. Mtu aliyeandika viuno vya nusu ya Usangi hakuwa na kipimo hata kimoja cha kiwiko chake.

"Lilikuwa linafunikwa na kifungo cha koti," Nakijwa alisema.

"Mteja akinenepa kiasi hicho, mzee, unamshonea kwa kipimo cha zamani?"

"Hapana. Nampima upya."

"Na kiwiko chako?"

Fundi alitazama kikapu. "Lakini makopo yote haya, daktari. Huoni nilivyojitahidi?"

"Baba Elieza," Nakijwa alimwambia mumewe, "kopo tupu si ngozi safi."

Mlango ulikuwa wazi. Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi walicheka, na mmoja akalirudia neno kwa waliokuwa mbali.

Daktari hakucheka. Alieleza kwamba mafuta hayakuwa mabaya na fundi hakuwa mvivu. Lakini baka lisilopungua baada ya muda uliowekwa, mabaka yanayoenea, au viungo vinavyovimba, lolote kati ya hayo latosha kumrudisha mgonjwa akaangaliwe upya. Yeye alikuwa nayo yote matatu. Alipimwa damu, akaandikiwa vidonge vya kumeza mara moja tu kwa wiki, na tarehe ya kurudi. Fundi aliuliza kama angeweza kumeza kila siku ili viishe mapema. Daktari alisema kufanya hivyo kungemdhuru vibaya, akamkabidhi Nakijwa pakiti na kuandika juu yake: Jumapili.

Wiki nne za kwanza hakukuwa na badiliko la kuandika. Wiki ya tisa mkasi ulifunga. Tarehe 26 Novemba Mama Kisaka alipokea majoho thelathini. Siku hiyo baka la kiwiko lilipimwa inchi moja na robo, na kipimo kikaandikwa kwenye daftari la wateja, chini ya jina Mshana E.

Jumatatu iliyofuata fundi alipita mbele ya duka la dawa. Muuzaji alimwita. Alikuwa amemwagizia katoni nzima ya makopo ya mafuta.

"Fundi, umenitupa? Yamebaki matatu tu utimize ishirini."

"Ngozi ikiyahitaji tena, daktari ataniambia," Mshana alisema. "Kopo tupu si ngozi safi."