Barua ya Kwenda Morogoro

Siwema alipomwomba mwenye nyumba wake, Mzee Ngwali, amvutie maji ndani na kumwekea kitasa, alijibiwa, "Wapangaji wa siku hizi mnataka hoteli. Maji si yapo kwa jirani?"

Siwema alikuwa na kibanda cha kuchapa barua. Wiki hiyohiyo mzee alimjia pale amefura. Binti yake, aliyepanga chumba Morogoro, alikuwa anachota maji kwa jirani na kufunga mlango kwa kamba.

"Mwandikie huyo mwenye nyumba wake."

"Tumwombe taratibu?"

"Umwombe nini? Avute maji na aweke kitasa ndani ya siku saba. Akishindwa, mpangaji aite fundi, gharama zikatwe kwenye kodi."

"Hatutamwonea, mzee?"

"Anayepokea kodi haonewi. Chapa hivyohivyo."

Mzee alisaini karatasi mbili, miwani ikiwa mfukoni.

Siku ya nane alikuta fundi anatoboa ukuta wa Siwema.

"Nani kakuruhusu?"

"Wewe, mzee. Karatasi moja ilikwenda Morogoro, ya pili ilikuwa ya nyumba hii. Maneno ni yako yaleyale. Mjumbe wa mtaa kaisoma, anasema hajapata kuona mwenye nyumba muungwana kama wewe."