Migongo Isiyopakwa

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanajenga nyumba na kupigiana hodi, palikuwa na nchi yenye kisima kimoja. Kisima hicho kilikuwa katikati ya mto uliokauka, na kila mwaka kabla ya kiangazi wanyama walimchagua mmoja wa kukitunza. Watoto, sikilizeni vizuri jinsi walivyochagua.

Wagombea walikuwa wawili, na siku zote ni walewale: Tembo na Punda. Siku ya uchaguzi walisimama uwanjani wamepeana mgongo, na kila mnyama alikwenda kujipanga nyuma ya mkia aliotaka. Mstari mrefu ndio ulioshinda. Nasema "aliotaka", lakini kwa kweli hakuna aliyeulizwa anataka nini. Nyumba za Tembo zilipaka migongo yao udongo mwekundu. Nyumba za Punda zilipaka jivu. Mtoto alipakwa siku ya kuzaliwa, kabla hajapewa hata jina, na alipokua alikwenda kusimama pale mgongo wake ulipompeleka. Wa udongo hakuoa kwa wa jivu. Wa jivu hakuomba moto kwa wa udongo.

Mwaka huu akashinda Tembo, mwaka ule akashinda Punda, na kisima kikaendelea kujaa mchanga. Tembo aliposhika zamu alisema mchanga ule aliuacha Punda. Punda aliposhika alisema aliuacha Tembo. Kila mmoja alikuwa na watu wa kumwitikia.

Juu ya mto, jabalini, aliishi pimbi mmoja, Mama Sikujua. Pimbi ni mnyama mdogo. Ukimwona mara ya kwanza unadhani ni panya aliyeshiba. Nyumba yake ilikuwa nyekundu tangu kwa babu wa mumewe. Kiangazi kilichopita alimzika mwanawe wa mwisho kwa sababu ya tope walilokuwa wakinywa. Sasa Sikujua naye alikuwa ameanza kushika tumbo, na macho yake yalikuwa yameingia ndani kama yalivyoingia ya mdogo wake. Mama Sikujua hakulia. Alimfunika mtoto, akashuka kwenda kwa Tembo.

Tembo alikuwa kivulini, akijipepea kwa masikio. Mama Sikujua alimweleza habari za mtoto, akamwomba akichimbe kisima, kwa kuwa ana pembe na ana nguvu, na kwake kazi hiyo si kubwa. Tembo hakumtazama usoni. Alimtazama mgongoni, akaona wekundu, akatulia.

"Wewe ni wetu, mama," akasema. "Rudi nyumbani. Tukishinda tutaliangalia hilo."

"Mwaka jana mlishinda, mzee."

"Basi tukishinda tena."

Mama Sikujua akaenda kwa Punda. Punda ana kwato ngumu, na akiamua kuchimba hachoki. Naye alimtazama mgongoni, akamwambia kwa upole kabisa kwamba amepotea njia, arudi kwa mwenyewe. Hata akichimba yeye Punda, watu wa udongo mwekundu watakunywa, watafuta midomo, kisha watajipanga kulekule kwa Tembo. Kwa nini aumize kwato zake?

Njiani Mama Sikujua alikaa juu ya jiwe, akafikiri. Mmoja hachimbi kwa sababu anajua niko kwake. Mwingine hachimbi kwa sababu anajua sitakwenda kwake kamwe. Na katikati yao kuna mtoto wangu.

Akainuka, akaegemeza mgongo kwenye jabali, akaanza kujisugua. Kwaru, kwaru, kwaru. Udongo wa mababu hautoki upesi. Ulitoka na manyoya, ukatoka na damu kidogo, lakini ulitoka.

Aliporudi nyumbani, mumewe alisimama mlangoni, hakumpisha. Baba Sikujua hakuwa mume mbaya. Alikuwa mtu wa kushika alichoachiwa.

"Umejivua nguo mbele za watu," akasema.

"Nimejivua udongo."

"Baba yangu alikufa nao mgongoni."

"Na mwanao alikufa nao mgongoni, Baba Sikujua. Hata tulipomzika hatukumwosha."

Baba Sikujua hakujisugua siku hiyo, wala hakujisugua baadaye, lakini alitoka mlangoni akampisha.

Ndipo Mama Sikujua akaanza kupiga hodi kwa wenzake pale jabalini, wa udongo na wa jivu pia. Hakuwa na maneno mengi. Alikwenda penye watoto wanaoshika matumbo, akageuka, akawaonyesha mgongo, akawaeleza alichojibiwa na wakubwa wote wawili. Wengi walimfungia mlango. Mama mmoja wa jivu, ambaye alikuwa hajamsalimu tangu wakiwa wasichana, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza ni jiwe gani linasugua vizuri.

Waliokubali walikuwa wachache, wangeenea wote chini ya kichaka kimoja. Mama Sikujua alijua kwamba idadi hiyo haiwezi kumwamsha mkubwa yeyote. Lakini alijua na jambo jingine. Wakubwa wale hawakuwahi kujifunza uso wa pimbi hata mmoja. Walijua migongo tu.

Asubuhi akina mama hao walitoka kuota jua, kama pimbi wote wafanyavyo. Jabali lile lina mashimo kila mahali, na mashimo yake hukutana chini kwa chini. Mama mmoja aliota jua juu ya jiwe hili, churupu, akazama shimoni, akatokea juu ya jiwe lile. Mwenzake akazama pale, akatokea kule. Tembo alitazama kutoka mtoni, akaona migongo mitupu ikijitokeza kila pembe, isiyo na udongo wala jivu. Alijaribu kuhesabu, akachanganyikiwa, akaanza tena. Punda naye alikuwa anatazama kutoka upande wake. Kila mmoja alijua kwamba mistari yao hupitana kwa wachache tu, na huko juu akaona taifa zima lisilo na mwenyewe.

Tembo akaja upesi, ti, ti, ti, mpaka vijiwe vikaporomoka. Mama Sikujua akatoka peke yake kumlaki.

"Nyinyi ni wa nani?" akauliza Tembo.

"Wa maji, mzee."

"Punda amewaahidi nini?"

"Ahadi tumelishwa mpaka watoto wanaumwa matumbo. Safari hii tutatazama miguu. Atakayekuja uwanjani na tope la chini kabisa kisimani, huyo ndiye tutakayesimama nyuma yake."

"Na Punda umemwambia?"

"Bado. Huyo anapanda."

Tembo akageuka, akaona masikio ya Punda yakichomoza upande wa pili wa jabali. Hakungoja hata kuaga.

Siku hiyo hiyo walianza kuchimba, Tembo upande huu, Punda upande ule, mchanga ukiruka, tifu, tifu. Walichimba huku wakirushiana maneno. Tembo alimwonya Punda asije akavunja mgongo uliozoea magunia. Punda alisema pua ndefu kama ile ingefaa kwa kazi, bahati mbaya imezoea kujipulizia vumbi. Akina mama walikaa juu ya mawe, kimya, wakitazama miguu.

Maji yalitoka kwanza upande wa Punda. Yalitoka meusi, yakawa ya kijivu, kisha yakawa meupe. Mama Sikujua aliteka kibuyu kimoja, akapanda nacho, akamnywesha mtoto kidogo kidogo, siku baada ya siku, mpaka asubuhi moja Sikujua akaomba uji. Hapo ndipo mama yake alipokaa chini akalia. Hakulia sana, maana uji ulikuwa motoni. Baba Sikujua naye alikunywa maji yale, na hakuuliza yamechimbwa na nani.

Siku ya uchaguzi ilipofika, akina mama wa migongo mitupu waliingia uwanjani. Tembo alitazama nyuma yao akingojea wengine.

"Wenzenu wako wapi?"

"Ndio sisi, mzee," akasema Mama Sikujua.

"Mmenidanganya. Nimeliona jabali kwa macho yangu, limejaa."

"Uliona migongo. Ungetazama nyuso ungejua kuwa ni mimi yuleyule, nakwenda na kurudi."

Katika mstari mwekundu, wanyama waliozoea kutazama mkia ulio mbele yao waligeuka wakatazamana.

Akina mama wakatazama miguu. Miguu ya Tembo ilikuwa na tope hadi kwenye kucha. Ya Punda ilikuwa na tope hadi magotini. Wakaenda kusimama nyuma ya Punda, na mstari wa Punda ukapita. Punda alifurahi mno, akaleta bakuli la jivu awapake kwa mkono wake, akiwaambia karibuni nyumbani.

Mama Sikujua akasogea pembeni.

"Leo tumesimama nyuma yako, mzee, na tunashukuru kwa maji. Migongo yetu iache. Mwakani tutatazama miguu tena."

Punda akabaki ameshika bakuli. Akatazama miguu yake, akatazama mtoni, ambako mchanga ulikuwa umekwisha kuanza kuteleza kisimani. Akaliweka bakuli chini, akaenda kuchimba.

Wanangu, yashikeni haya: anayejua kwamba wewe ni wake daima hana haraka ya kukuchimbia kisima.